Mtungi wa Wakisi na Njia ya Hidrojeni: Funzo la Miaka 175

Mwezi Juni nyanda za juu za Kitulo huamka zikiwa nyeupe kwa sakitu. Mwaka jana, katika baridi hiyo, nilisafiri kutoka Makambako kupitia Njombe hadi Makete, nikalala kwa kijana aliyewahi kusoma kwangu Taaluma za Maendeleo. Siku hizi anafundisha fizikia katika shule ya sekondari. Tulipokuwa tunaota moto wa jiko la mkaa, aliniuliza swali ambalo wanafunzi wake walikuwa wamemuuliza.

“Daktari, nimewaeleza kwamba zipo kauri zinazopitisha hidrojeni na kuzuia gesi nyingine zote. Wakaniuliza, ikiwa kauri hiyo haina hata tundu moja, hidrojeni inapitaje?”

Pembeni palikuwa na mtungi wa Wakisi, umetota maji kwa nje kama ilivyo kawaida ya mitungi. Nikaunyooshea kidole na kujibu kwa haraka ya msomi asiyetaka kukiri ujinga: “Kama maji yanavyopenya mtungi ule.”

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: “Samahani, Daktari. Mtungi una vitundu vidogo. Kwa njia hiyo oksijeni nayo ingepita, na mtambo wote ungekuwa kazi bure.”

Alikuwa sahihi. Mimi ni mwanahistoria, si mwanafizikia, lakini hiyo si sababu ya kudanganya. Makala haya ni jibu nililomwia tangu usiku ule. Nilipolitafuta, nilikuta ndani yake jambo linalowahusu pia watunga sera wetu.

Nianzie nyumbani. Udongo uliochomwa ni teknolojia ya kale katika eneo hili. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi, na vyungu hivyo vimesafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Huko Ludewa, Wapangwa waliyeyusha chuma katika tanuri za udongo, wakipuliza hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Mirija hiyo ilipaswa kuhimili joto linalozidi nyuzi 1,000 bila kupasuka. Aliyeifinyanga alijua ni udongo gani unafaa na ni upi utamwangusha. Chuma cha kutoka nje kilipoenea, tanuri zilizimwa. Ujuzi ule haukuhamia katika maabara yoyote. Ulizeeka pamoja na wenyewe.

Sasa twende kwa hidrojeni. Mwaka 1806, kijana wa umri wa miaka 21 hivi, Theodor von Grotthuss, alichapisha maelezo ya jinsi umeme unavyoyatenganisha maji. Alieleza kwamba hakuna chembe moja inayosafiri safari nzima. Kila moja humpokeza jirani yake. Msomaji aliyewahi kushiriki msaragambo wa kujenga shule anaijua picha hiyo: watu wanasimama mstari, tofali linatoka mkono hadi mkono, na tofali linafika ingawa hakuna mtu aliyetembea. Wakati huo protoni haikujulikana, wala kanuni sahihi ya maji haikuwa imethibitishwa. Hata hivyo wazo lake la msingi limedumu.

Wazo hilo lilihusu maji. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu lihamie kwenye kauri. Mwaka 1966, Stotz na Wagner walichapisha nchini Ujerumani utafiti kuhusu jinsi mvuke wa maji na hidrojeni zinavyoyeyuka ndani ya oksidi ngumu. Mwaka 1981, Hiroyasu Iwahara na wenzake huko Japani walionyesha kwamba kauri ya strontiamu na seriamu, ikipashwa joto kali penye mvuke au hidrojeni, hupitisha protoni kwa wingi wa kutosha kuzalisha umeme. Kutoka 1806 hadi 1981 ni miaka 175.

Walifanyaje? Katika kauri hiyo, atomi za seriamu na oksijeni zimejipanga kwa utaratibu. Watafiti waliondoa sehemu ndogo ya seriamu na kuweka mahali pake iterbiamu, ambayo chaji yake ni pungufu. Ili chaji ya jumla ibaki sawa, baadhi ya viti vya oksijeni hubaki vitupu. Mvuke wa maji unapofika, oksijeni ya maji huketi kwenye kiti kitupu, na hidrojeni zake mbili huachwa zikiwa protoni, kila moja imejishika kwenye oksijeni iliyo karibu. Kwa sababu ya joto, protoni huizunguka oksijeni yake, kisha huirukia ya jirani, na hiyo nayo huiachia inayofuata. Hakuna tundu linalohitajika. Oksijeni haipiti kwa sababu ni kubwa na imefungwa katika nafasi yake. Elektroni nazo hupata njia kwa shida sana ndani ya kauri, kwa hiyo hulazimika kuzunguka kwa waya wa nje, na mzunguko huo ndio umeme wenyewe.

Kwa hiyo mfano wangu wa mtungi ulikuwa na kosa la msingi. Mtungi huvuja kwa sababu haukuziba. Kauri hii imeziba kabisa, na inapitisha kwa sababu ya upungufu uliowekwa ndani yake kwa makusudi na kwa kipimo.

Hata baada ya 1981 kazi haikuisha. Kauri za seriamu hushambuliwa na hewa ukaa na kumomonyoka. Zile za bariamu na zirkoniamu ni imara zaidi, lakini huhitaji kuchomwa kwa joto kali mno, na protoni hukwama kwenye mipaka ya chembechembe zake. Watafiti wakazichanganya aina hizo mbili. Mwaka 2017, watafiti wa Norway na Hispania walitangaza utando wa kauri unaotoa hidrojeni kutoka katika gesi asilia na kuishindilia katika hatua moja, kwa joto la nyuzi 800 hivi, huku hewa ukaa ikibaki upande wa pili, tayari kukusanywa.

Gesi asilia tunayo. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Seriamu nayo tunayo: mwamba wa Ngualla, mkoani Songwe, una madini adimu ambayo seriamu ni sehemu yake kubwa, na leseni maalumu ya kuyachimba ilitolewa mwaka 2023. Lakini seriamu ni miongoni mwa madini adimu ya bei ya chini kabisa sokoni. Thamani yake hupanda katika mikono ya anayejua achanganye kiasi gani, achome kwa joto gani, na upungufu auweke wapi.

Ndiyo maana nasema kwamba mjadala wetu wa nishati una pengo. Tunahesabu tani zilizo ardhini, na ni haki kuzihesabu. Ila ujuzi wa kauri ulijengwa na watu walioruhusiwa kushughulika na swali moja kwa miaka mingi bila kudaiwa faida kila Juni bajeti inaposomwa. Mwaka 2006 mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti ifikapo 2010. Ndugu mtumishi wa umma unayesoma makala haya, ukikaa mezani kuandaa bajeti ya idara yako, itazame ahadi hiyo. Ndugu mwanaharakati, unapodai mrabaha wa madini, dai na maabara.

Nimempelekea mwalimu yule jibu hili. Amenijibu kwamba wanafunzi wamelielewa kwa kusimama mstari darasani na kupokezana daftari. Kisha mmoja wao akauliza kama udongo wa Kikisi nao unaweza kuchanganywa na kuchomwa ukapitisha protoni. Mwalimu amewaambia hajui, na kwamba shule haina tanuri ya kujaribia.