Riyadha ya Lamu: Elimu ya Dini, Malezi ya Nafsi na Maelewano ya Jamii

Riyadha ni msikiti na chuo cha elimu ya Kiislamu kilichoko mtaa wa Langoni, mjini Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Mwanzilishi wake ni Salih bin Alawi, mwanazuoni wa ukoo wa masharifu wa Jamal al-Layl, ajulikanaye zaidi kwa jina la Habib Swaleh. Nafasi yake katika historia ya Waswahili inatokana na jambo moja kubwa, nalo ni kuichukua elimu iliyokuwa milki ya wachache na kuifanya haki ya kila Mwislamu, hata kutakasa moyo na kukaa na watu kwa wema vikasomeshwa pamoja.

Chimbuko

Habib Swaleh alizaliwa Ngazidja, katika visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19, kisha akahamia Lamu, alikokuwa na jamaa, na kusoma kwa mashekhe wa mji huo. Lamu ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka: juu walikuwa waungwana, yaani koo kongwe zilizomiliki majumba ya mawe na mashamba ya bara, chini yao walikuwa wageni kutoka Hadhramaut na Komoro pamoja na Wabajuni wa visiwa vya jirani, na mwisho kabisa watumwa, ambao utumwa wao haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Wanyonge hao walifundishwa kiasi cha kuwawezesha kuswali, lakini elimu ya juu, hasa tafsiri ya Qur'ani, ilikuwa ya wenye nasaba. Habib Swaleh alianza kusomesha katika kibanda pembezoni mwa mji, akiwakaribisha watumwa na maskini, jambo lililowaudhi baadhi ya wakubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa sharifu. Mnamo mwanzo wa karne ya 20 ulijengwa msikiti, ukapewa jina la msikiti wa Seiyun, Hadhramaut, wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi (aliyefariki 1915), ambaye Habib Swaleh alifungamana naye kielimu na kiroho.

Mafunzo

Kama ilivyo katika mwambao wote, mtoto huanza chuoni kwa kuzijua herufi na kuhijai, kisha husoma juzuu baada ya juzuu hadi ahitimu Qur'ani. Zamani alitumia ubao wa mbao, ulioandikwa kwa wino na kuoshwa kila somo lilipohifadhika. Akishahitimu huingia darsani, yaani katika duara la wanafunzi waliomzunguka shekhe, ambamo kitabu cha Kiarabu husomwa kidogo kidogo na kufafanuliwa kwa Kiswahili. Humo hufundishwa nahau, hadithi, tafsiri, na fiqhi, yaani sheria za ibada na muamala, kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Pamoja na hayo kuna tasawufi, elimu ya kuitibu nafsi, ambayo katika tarika ya Alawiyya inayofuatwa Riyadha huegemea sana mafunzo ya Imamu Ghazali (aliyefariki 1111). Elimu hiyo huhesabu kiburi, husuda na ria, yaani kufanya ibada ili kusifiwa na watu, kuwa maradhi ya moyo, na dawa zake ni vitendo: uradi wa asubuhi na jioni, dhikri ya pamoja, na kuwahudumia wageni na wagonjwa. Hapo ndipo utulivu wa roho unapozaa uvumilivu, kwani aliyezoea kuzikagua aibu za nafsi yake hukosa wasaa wa kuzihesabu za jirani.

Maulidi

Mafunzo hayo hudhihirika hadharani katika Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, yanaposomwa Maulidi ya Habshi, utungo wa Habib Ali. Safu mbili za vijana hukaa zikielekeana, matari mikononi, na kuitikia kaswida kwa mwendo mmoja; ufikapo wakati wa kiamu wote husimama, marashi yakinyunyizwa na udi ukifukizwa, na wageni kutoka Afrika Mashariki nzima husimama bega kwa bega na wenyeji bila kuulizana nasaba. Wapo wanazuoni waliopinga kupiga matari msikitini, wakiona ni bidaa, yaani jambo lililozuliwa katika dini, na mjadala huo ungaliko. Lakini adabu ya kuhitilafiana bila kuvunjiana heshima nayo ni sehemu ya elimu ya Kiislamu.

Athari

Habib Swaleh alipofariki katika miaka ya 1930, wanawe na wajukuu zake waliendeleza kazi, na wanafunzi waliotoka Riyadha wakafungua madrasa kwingineko. Historia yake inathibitisha kwamba mawaidha ya kupendana hayatoshi iwapo mlango wa elimu umefungwa kwa baadhi ya watu. Chuo kinachotaka jamii yenye kuvumiliana hakina budi kuangalia kwanza ni nani anayeruhusiwa kuketi darsani.