Miezi mitatu chali: historia ya kuunga mifupa kwenye ukanda wa dhahabu

Kabla ya chuma kulikuwa na mzigo. Mtu mzima aliyevunjika mfupa wa paja, awe ameangukiwa na kifusi machimboni Nyarugusu, Geita, au ametupwa na mkokoteni wa ng'ombe Kishapu, alilazwa chali wodini. Msumari ulipitishwa kwenye mfupa chini ya goti, kamba ikafungwa, ikapita juu ya kapi miguuni pa kitanda, na mwishoni mwake zikaning'inizwa kilo kadhaa za mchanga au mawe. Misuli ya paja ina nguvu. Ukiiacha, huvuta vipande vya mfupa vikapandana na mguu ukapona ukiwa mfupi. Mzigo ulikuwepo kuizuia. Mgonjwa alikaa hivyo wiki 10 hadi 12, akioga, akila na kujisaidia pale pale.

Tiba hiyo haikuwa ya kijinga. Kwa wengi mfupa uliunga. Ila kwa Msukuma mwenye shamba la pamba miezi mitatu ni msimu mzima, na ndugu anayemuuguza naye halimi. Ndiyo maana wapo waliofungua kamba usiku wakaenda kwa mganga wa mifupa, ambaye angewafunga mabanzi, awakande kwa dawa na kuwarudisha kwao. Wahudumu wa hospitali wamewasema sana waganga hawa, mara nyingi kwa haki. Banzi likikazwa kupita kiasi damu haipiti, vidole vinakuwa baridi, kisha vyeusi, na kinachofuata ni kukatwa mkono uliovunjika kidogo tu. Hata hivyo mfupa wa mkono uliopasuka bila kidonda wala kuhama huunga vizuri chini ya banzi, na mganga alipatikana kijijini, alilipwa kidogo kidogo, na hakumlaza mtu.

Hospitali za kizungu zilitangulia migodi mikubwa. Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 1936 ukafungwa 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mwadui ulikua ukawa mji wenye hospitali yake. Sheria ya fidia ya enzi za Mwingereza ilikuwa na jedwali lililopanga kila kiungo kwa asilimia: kidole gumba kiasi hiki, mguu chini ya goti kiasi hiki. Mfanyakazi mwenye mwajiri alikuwa na pa kushika. Aliyechimba kwa sururu yake hakuwa na jedwali, na kwa sehemu kubwa bado hana. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, unaendeshwa kwa michango ya waajiri. Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, mwenye shamba, mwenye duara na wachimbaji hugawana mifuko ya mawe, na siku ya ajali kumpata mwajiri ni kazi.

Mwaka 1971 ulileta hospitali mbili kubwa kwa pamoja, KCMC kule Moshi na Bugando juu ya kilima chake Mwanza. Tangu hapo mguu ulioshindikana Shinyanga, Kahama au Geita ulipelekwa Bugando. Miaka kumi baadaye, 1981, chuo cha TATCOT kikaanzishwa KCMC kufundisha mafundi wa miguu bandia na vifaa vya kunyoosha viungo. Dar es Salaam, Profesa Philemon Sarungi, mtoto wa Mara aliyesomea udaktari Hungary, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa mwanzo wa mifupa nchini. Alipata kuwa Waziri wa Afya na baadaye wa Ulinzi, akafariki Machi 2025. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996.

Chuma chenyewe ni cha zamani kuliko hospitali hizo. Mjerumani Gerhard Küntscher alikuwa ameshapitisha fimbo ya chuma ndani ya uboho wa paja mwaka 1939. Kilichochelewa ni namna ya kuitumia pasipo vifaa vya Ulaya. Fimbo ya kisasa hufungwa kwa skrubu juu na chini ili mguu usizunguke, na kuyapata matundu ya skrubu ndani ya mfupa kulihitaji mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo chumba cha upasuaji. Umeme ukikatika, au mashine ikiharibika, kazi imekwisha. Lewis Zirkle, daktari Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Vietnam wakati wa vita, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999 na kutengeneza fimbo ambayo matundu yake hutafutwa kwa kipimio kinachofungwa nje ya mguu. Hospitali hupewa vyuma hivyo kwa ajili ya wasio na uwezo, na daktari hurudisha picha za mgonjwa ili apate vingine. MOI na Bugando zimevitumia sana. Aliyekuwa alale miezi mitatu akaanza kusimama kwa magongo ndani ya siku chache.

Vilifika kwa wakati. Miaka hiyo hiyo pikipiki zilijaa, na bodaboda ikawa usafiri wa kwenda kila rashi mpya ya dhahabu. Mguu chini ya goti ndio unaoumia, mara nyingi mfupa ukitokeza nje pamoja na mchanga na mafuta. Hapo hogo, yaani plasta ngumu, halitoshi: kidonda huoshwa kwa maji mengi chini ya dawa ya usingizi, kilichokufa hukatwa, antibayotiki huanza mapema, na mfupa hushikwa kwa vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani vinaitwa antena. Mapema ndilo neno gumu. Kwa mtu wa Geita njia fupi ya Mwanza ilipita kivuko cha Busisi, na foleni ya kivuko haikujua mfupa ulio wazi. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025. Binafsi nalihesabu ndani ya historia ya upasuaji wa mifupa, sambamba na chuma cha Zirkle.

Magazeti hukumbuka kifusi kikiwa na muujiza. Novemba 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, Kahama, walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Lakini jeraha la kila siku machimboni ni dogo na bovu zaidi: mkono uliovutwa na mkanda wa karasha, mashine ya kusaga mawe, kano mbili tatu zimekatika pamoja na mshipa wa fahamu. Kano huunganishwa kwa uzi, kisha mkono hukaa kwenye kishikizo wiki sita hivi huku vidole vikichezeshwa polepole kila siku, maana kano isiyochezeshwa hugandamana na nyama na kidole hakikunji tena. Kazi nzito husubiri kama wiki 12. Mshipa wa fahamu hauharakishwi na yeyote. Huota takriban milimita moja kwa siku. Uliokatika kwenye kifundo cha mkono una sentimita 18 hivi za kusafiri hadi ncha ya kidole, yaani miezi sita, na pengine usifike wote. Usipofika, daktari anaweza kuhamisha kano nzima kutoka msuli mwingine. Mbinu za namna hiyo Paul Brand alizikuza India mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mikono ya wagonjwa wa ukoma.

Upasuaji huo unaweza kumalizika kwa saa mbili. Yanayobaki ni mazoezi, na hapo mnyororo hukatika. Mtaalamu wa mazoezi tiba yuko hospitali ya mkoa, mgonjwa yuko porini, nauli ni ya kwenda na kurudi, na kikundi chake kimeshaanza kugawana mifuko bila yeye. Wengi hurudi kwenye duara wiki ya nne au ya tano. Goti ambalo halikukunjwa wiki za mwanzo baada ya paja kuwekewa chuma hubaki gumu, na mtu mwenye goti gumu hashuki ngazi za duara: hupewa kazi ya juu, ya kuponda mawe, kwa mgao mdogo zaidi.