Figo ya kuchapwa kwa mashine: imefika wapi, na mgonjwa wa Mpanda asubiri?

Kwenye simu zinazoingia wakati wa vipindi vya afya, kuna swali ambalo limekuwa likijirudia: je, ni kweli wazungu sasa wanachapa figo kwa mashine? Na kama ni kweli, mwenye mgonjwa anayesafishwa damu asubiri figo hizo, au aendelee kumwomba ndugu amtolee moja? Tumeona tulijibu kwa maandishi, maana zipo familia ambazo uamuzi wao umesimama hapo.

Jibu ni kwamba mpaka sasa hakuna mtu anayeishi kwa figo iliyochapwa na mashine. Asisubiri.

Lakini habari yenyewe si uzushi mtupu. Uchapaji wa tishu hai ni kazi inayofanyika kweli. Wataalamu huchukua seli kutoka kwa mtu, huzilisha maabara mpaka ziwe nyingi, kisha huzichanganya na ute mzito kama uji wa muhogo. Mchanganyiko huo huitwa wino hai. Mashine huumwaga tabaka juu ya tabaka, kwa kufuata ramani iliyo kwenye kompyuta, halafu kilichochapwa huwekwa mahali penye joto la mwili ili seli zishikane. Ute unaotumika sana hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine, mwekundu, ingawa nao ute wake umejaribiwa katika kazi hii.)

Mambo yalianza kwa unyenyekevu. Mwaka 2003 huko Marekani, Thomas Boland na wenzake walibadilisha printa ya kawaida ya ofisini ili itoe seli badala ya wino. Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israel, walichapa moyo mdogo, ukubwa wa moyo wa sungura, wenye mishipa ya damu, kwa kutumia seli za mtu. Seli zake ziliweza kujikunja, lakini moyo wenyewe haukuweza kusukuma damu. Mwaka 2022, mwanamke mmoja alipandikizwa sikio la nje lililochapwa kutokana na seli zake mwenyewe.

Kwa nini sikio liwezekane na figo ishindikane? Tatizo ni damu. Seli haiwezi kukaa mbali na mshipa wa damu. Ikizidi sehemu ya kumi au mbili za milimita moja, hukosa hewa na kufa. Gegedu la sikio huvumilia damu kidogo, lakini figo haivumilii. Ndani ya figo moja kuna vichujio vidogo karibu milioni moja, kila kimoja na mishipa yake na mrija wake wa mkojo. Aliyewahi kufungua mzinga kule Inyonga anajua jinsi nyuki wanavyopanga sega chumba kwa chumba. Sasa fikiria sega ambalo kila chumba kinaingiza damu, kinaichuja, na kuirudisha, usiku na mchana. Hiyo mashine bado haijaweza.

Uvumi wenyewe una chanzo. Mwaka 2011, Daktari Anthony Atala wa Marekani alionyesha jukwaani kitu chenye umbo la figo kilichotoka kwenye printa. Baadhi ya vyombo vya habari, wenzetu hao, waliandika kwamba figo inayofanya kazi imepatikana. Kilikuwa kielelezo tu. Sahihisho lilitolewa, ila uvumi hukimbia kuliko sahihisho, na picha zile bado zinazunguka kwenye simu.

Turudi nyumbani. Tiba iliyopo ni kupandikizwa figo ya mtu aliye hai, na siku hizi si lazima kwenda India. Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, ikishirikiana na wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikisaidiwa na Wajapani wa Tokushukai. Kwa mtu wa Katavi, Dodoma ni karibu kuliko Dar es Salaam, ingawa safari bado ni ndefu, iwe kwa treni ya kupitia Kaliua au kwa basi la Tabora.

Anayetoa figo hupimwa kwanza, na akikutwa mzima huweza kuishi vizuri na moja iliyobaki. Anayepokea hutumia dawa za kutuliza kinga ya mwili maisha yake yote, ili mwili usiikatae figo ngeni. Hapo ndipo figo ya kuchapwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe ingeleta nafuu kubwa, siku itakapokuja.

Asiye na wa kumtolea huendelea kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Na anayewauzia watu mizizi ya "kuotesha figo mpya" anawadanganya: figo iliyokufa haioti, na baadhi ya dawa hizo huimaliza hata sehemu iliyobaki. Vivyo hivyo vidonge vya maumivu kama diklofenaki vinavyomezwa kila siku bila ushauri.

Wengi wanaofikia hatua hii walianza na shinikizo la damu au kisukari ambavyo havikugunduliwa mapema. Mwenye miguu inayovimba, mkojo wenye povu, au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa figo, aende kituo cha afya apimwe presha, sukari na mkojo.