Kutoka Hongo ya Misafara hadi Kodi ya Mafuta



Wanafunzi wetu wanalijua neno hongo kwa maana ya rushwa. Katika karne ya 19 neno hili halikuwa na aibu. Hongo ilikuwa ushuru ambao misafara kutoka Pwani iliwalipa watemi, hasa wa Ugogo, ili ipite na kupata maji. Wasafiri wa Ulaya waliilipa huku wakinung'unika.

Kanuni za leo za kodi baina ya nchi zina asili nyingine. Zilianza kutungwa na Shirikisho la Mataifa mjini Geneva katika miaka ya 1920, na mikataba ya mfano ikatolewa mwaka 1928. Wakati huo Uganda, Kenya na Tanganyika zilitawaliwa na Uingereza. Mwaka 1963 OECD, shirika la nchi tajiri, likatoa kielelezo chake. Wakosoaji wanasema kielelezo hicho huipendelea nchi yenye makao ya kampuni kuliko nchi inakotoka mali.

Tuchukue mfano wa hapa Uganda. Mwaka 2010 kampuni ya Heritage iliiuzia Tullow sehemu yake katika vitalu vya mafuta vya Ziwa Albert kwa dola bilioni 1.45. Serikali ilidai kodi ya zaidi ya dola milioni 400. Nyaraka za Panama zilizofichuliwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba kampuni hiyo ilihamisha usajili wake kutoka Bahamas kwenda Morisi, nchi yenye mkataba wa kodi na Uganda. Mabishano yalifika hadi London. Uganda ilishinda, lakini baada ya miaka.

Hata katika kutoa taarifa hakuna usawa. Kwa sheria ya mwaka 2010, Marekani huzitaka benki za dunia nzima ziitolee taarifa za akaunti za raia wake. Lakini yenyewe haijajiunga na utaratibu wa OECD wa mwaka 2014 wa kubadilishana taarifa za akaunti. Mwamba ngozi huvutia kwake.

Novemba 2023, kwa hoja ya nchi za Afrika, nchi 125 katika kamati ya Umoja wa Mataifa ziliunga mkono kuandaliwa kwa mkataba mpya wa kodi. 48 zilipinga, 9 hazikupiga kura.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu ndio maafisa wa kodi na wakalimani wa kesho. Tuwafundishe istilahi hizi kwa Kiswahili. Asiyeielewa kanuni hawezi kuipinga.