Miaka 60 ya Makumbusho ya Hyrax Hill

Matatu za Dundori zikifika Lanet huingia barabara kuu na kukaza mwendo kuelekea Nakuru. Kilomita chache kabla ya mji kuna kilima cha mawe ambacho abiria wengi wamekipita tangu utotoni bila kushuka. Ndicho Hyrax Hill. Nyumba ya shamba iliyo pale iligeuzwa makumbusho mwaka 1965, na mwaka 2025 makumbusho hayo yalitimiza miaka 60.

Habari za kilima zenyewe zilianza kuandikwa mapema zaidi. Mwaka 1926 Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete na mwana wa wamisionari, alikuwa akichimba makaburi ya kale karibu na Nakuru alipotambua kwamba kilima hiki nacho kilikuwa na la kusema. Hakukichimba. Kazi hiyo ilimwangukia mkewe, Mary, aliyewasili Kenya mapema mwaka 1937, muda mfupi baada ya harusi yao. Louis alikuwa amezama katika utafiti wa mila za Wagikuyu. Mary, mwenye umri wa miaka 24 na asiye na shahada yoyote ya chuo kikuu, akashika usukani wa uchimbaji mwaka huo na uliofuata. Dunia ilikuja kumjua mwaka 1959 kwa fuvu alilolipata Olduvai, Tanganyika, lakini hapa Nakuru ndipo alipofanya kazi yake kubwa ya kwanza katika Afrika Mashariki.

Alichokifukua hakikuwa kidogo. Palikuwa na makaburi ya wafugaji walioishi hapa yapata miaka 3,000 iliyopita, na katika makaburi hayo wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na sinia na bakuli za mawe, ilhali wanaume hawakuwekewa chochote. Mgeni akifika mbele ya vyombo hivyo asiharakishe. Ni vizito, vimechongwa kwa subira, na aliyeamua viende kaburini na mwenyewe alijua anachokitoa.

Juu ya tabaka hilo walipita watu wengine, wa zama za chuma, na karne kadhaa zilizopita wakawamo wale ambao simulizi za Wakalenjin huwaita Wasirikwa. Wao waliacha mabonyeo ya duara ardhini, yanayojulikana kama mashimo ya Sirikwa. Kwa miaka mingi wataalamu, Mary akiwa mmojawapo, waliyachukulia kuwa makao ya watu. Mwanaakiolojia John Sutton hakuridhika. Alipochimba hapa katikati ya miaka ya 1980, ushahidi ulizidi kuelemea upande wake: yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yaliyochimbwa na kuzungushiwa ua, nyumba za watu zikiwa zimeegemea kando, na samadi ikisombwa na kutupwa nje mlangoni. Mfugaji wa Dundori anayefagia zizi lake kila asubuhi pengine angelitambua hilo mapema.

Eneo hili lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943, serikali ikiwa bado ya kikoloni. Hapo pana kichekesho kichungu. Nyanda hizi zilikuwa zimetengewa walowezi wa Kizungu, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba ardhi waliikuta tupu. Serikali ileile ikawa inalinda kwa sheria makaburi na mazizi yaliyoonyesha kinyume chake.

Nyumba iliyopo ilikuwa ya shamba la mlowezi, Bi. Selfe, na ilikabidhiwa mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru. Leo iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Si kubwa: vyumba vichache vyenye vitu vilivyofukuliwa pamoja na vyombo vya nyumbani na ala za muziki za jamii za Bonde la Ufa. Anayetarajia majumba kama ya London atashangaa kumaliza mapema. Utamu wenyewe uko nje. Njia hupita penye mashimo na makaburi, kisha hupanda hadi kwenye ngome ya mawe kileleni. Kutoka huko Ziwa Nakuru huonekana vizuri, ziwa ambalo maelfu ya miaka iliyopita maji yake yalifika hadi chini ya kilima. Kati ya kilima na ziwa umejaa mji, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Pimbi waliokipa kilima jina bado huota jua kwenye majabali.

Lakini watoto wa shule hukwama kwenye mwamba uliochongwa bao. Vishimo vimepangwa kwa safu, vimelainika kwa kuguswa, na bado vinachezeka ukiokota kokoto. Mzee aliyekulia kwenye giuthi, bao la Wagikuyu, na kijana aliyejifunza bao Mombasa hawatacheza raundi mbili kabla ya kubishana nani kaanzia shimo lisilo lake.