Vumbi la Tairi na Uduvi wa Hori

Mji wa Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hakikai bila njia za kuvukia. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikavuka maji ya Makupa kwenda Changamwe. Baadaye Waingereza walifanya tuta la mawe na udongo papo hapo Makupa ili magari yapite. Mwaka 1931 daraja la kuelea likafungua njia ya Nyali na Kisauni, na watu wa Likoni wakawa na kivuko chao. Habari hizi husimuliwa kwa sifa, nazo zastahili sifa. Lakini tairi zilizopita juu ya njia hizo zina historia yake, na hiyo ni nadra kusimuliwa.

Tairi la upepo lililotengenezwa na John Boyd Dunlop huko Belfast lilikuja mwaka 1888. Mpira hupasuka upesi ukipigwa na hewa ya ozoni, kwa hiyo watengenezaji walianza kuuchanganya na dawa za kuulinda, mojawapo ikiitwa 6PPD. Gari likienda, tairi husagika barabarani likaacha unga; mvua huuchukua mpaka mtaroni, na mtaro huutia horini.

Karibu na Seattle, Marekani, samaki aina ya samoni walikuwa wakifa kila mvua iliponyesha, kabla ya kutaga mayai. Desemba 2020 Zhenyu Tian na wenzake walimtaja muuaji: ile dawa ya tairi, ikikutana na ozoni, hugeuka kuwa sumu iitwayo 6PPD-kwinoni. Mwaka uliofuata wataalamu wa Japani waliijaribu sumu hiyo kwa wanyama wadogo wa maji baridi walio jamaa ya uduvi. Hawakufa.

Je, wako salama basi? Mimi sisadiki upesi. Kifo ni kipimo kikubwa mno kwa mnyama mdogo. Mwaka 2019 majaribio mengine, ya chembe za tairi zenyewe, yalionyesha kuwa mnyama wa jamaa hiyo aliyebaki hai alikua kidogo na kuzaa wachache. Uduvi aliyetaga mayai machache hana maiti ya kuonyesha. Ila samaki wanaomla, na mvuvi anayewavua samaki hao, watapungukiwa bila kujua sababu.

Linganisha na msiba wa Aprili 2005, mafuta yalipomwagika kutoka melini katika hori la Port Reitz. Mikoko ilikauka, watu wakaona, wakapiga kelele. Unga wa tairi haukaushi mkoko hata mmoja, nao huingia kila msimu wa mvua, hasa upande wa Changamwe ambako malori yenye shehena ya Uganda, Rwanda na Kongo hupanga foleni.

Tuta la Makupa liliondolewa, na daraja lililochukua mahali pake likafunguliwa mwaka 2022, hata maji ya Tudor na Port Reitz yakakutana tena. Hilo ni jema kwa hori, ingawa mkondo husambaza kila kilichomo. Huko Mkomani, upande wa Kisauni, kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoundwa mwaka 1979. Kazi iliyopo ni ya kuhesabu mayai: wachukuliwe uduvi wa karibu na mitaro ya Changamwe, na wengine wa maji yaliyo mbali na barabara, kabla ya masika na baada yake.