Jinsi Kamera za Kijapani Zilivyopata Heshima

Wahenga walisema ya kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina kweli nyingi, lakini haikumaliza maneno. Kwani mara nyingi chema hukaa miaka mingi kikidharauliwa kwa sababu ya mahali kilikotoka, mpaka atokee mtu wa kukipima. Basi, msomaji, sikiliza habari za kamera za Ujerumani na kamera za Japani, uone jinsi watu wachache waliojua kulinganisha vyombo vyao vya kazi walivyosaidia kugeuza biashara ya dunia nzima.

Yafaa kwanza tujue kamera zilikuwaje zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mpiga picha aliyetaka picha safi alichukua sanduku kubwa, miguu mitatu ya kulisimamishia, na vioo vizito vilivyopakwa dawa, kimoja kwa kila picha. Katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, alikuwako fundi aliyeitwa Oskar Barnack, mfanyakazi wa kiwanda cha Ernst Leitz kilichotengeneza hadubini. Barnack alipenda sana kupiga picha akiwa matembezini, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu, na mzigo ule ulimshinda. Akawaza: kwa nini isitumiwe filamu nyembamba ya sinema, yenye upana wa milimita 35, ikapigwa picha ndogo ambayo baadaye itakuzwa? Kufikia mwaka 1914 alikuwa amekwisha kutengeneza kamera ndogo ya namna hiyo, iliyotoa picha za milimita 24 kwa 36. Vita Kuu ya Kwanza ikaizuia kazi yake isiendelee. Mwaka 1924 mwenye kiwanda, Ernst Leitz wa pili, alikata shauri kuitengeneza kwa biashara ingawa hakuwa na hakika ya faida, na mwaka 1925 ikaonyeshwa katika maonyesho ya Leipzig. Ikaitwa Leica, jina lililotokana na maneno Leitz na kamera.

Wako walioiona kuwa mchezo wa watoto; lakini kabla ya miaka mingi kupita, kampuni nyingine kubwa ya Ujerumani iliona sharti ishindane nayo. Kampuni hiyo ni Zeiss Ikon ya Dresden, ambayo mwaka 1932 ilitoa kamera yake iliyoitwa Contax. Hapo ndipo ulipoanza ubishi mkubwa kati ya wapiga picha, na ubishi huo haukuwa wa upuuzi, kwani kila upande ulikuwa na hoja zake.

Wapenzi wa Leica walisema ya kwamba kamera yao ni ndogo, nyepesi, na haina kelele. Pazia lililo ndani yake, ambalo hufunguka ili mwanga uingie na kufungika mara moja, lilikuwa la kitambaa, nalo lilikwenda upande kwa upande bila matata. Wapenzi wa Contax walijibu ya kwamba pazia lao ni la vipande vya madini, linakwenda toka juu hadi chini, na linaweza kufunguka na kufungika kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena, walisema, ukitaka kutia filamu katika Contax, waondoa mgongo wote wa kamera, hali Leica ilitiwa filamu kwa chini, kazi iliyohitaji vidole vyepesi. Wa Leica nao hawakunyamaza: wakauliza, yafaa nini kasi ya pazia ikiwa pazia lenyewe huharibika upesi? Na kweli Contax za kwanza zilikuwa na vipande vingi mno ndani yake, na mafundi walizijua vizuri.

Katika jambo moja Contax ilikuwa na nguvu ya pekee, nalo ni lenzi. Lenzi si kioo kimoja; ni vioo kadhaa vilivyopangwa pamoja. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, mwanga kidogo hurudi nyuma, kama sehemu 4 au 5 katika kila 100, na mwanga huo unaotangatanga ndani ya lenzi hufanya picha iwe na ukungu. Mtaalamu wa Zeiss, Ludwig Bertele, alibuni lenzi iitwayo Sonnar, ambayo vioo vyake viligandishwa pamoja katika mafungu matatu tu, hivyo hewa haikupata nafasi nyingi kati yake. Picha zake zilikuwa safi, na tundu lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuweza kutumika mahali penye mwanga haba. Mwaka 1935 mtaalamu mwingine wa Zeiss, Alexander Smakula, alivumbua njia ya kuipaka lenzi utando mwembamba sana unaopunguza mwanga huo wa kurudi nyuma. Hata leo lenzi nzuri hupakwa utando wa namna hiyo.

Je, ipi ilikuwa bora? Mfaransa Henri Cartier-Bresson alichagua Leica, akapata sifa duniani kote. Robert Capa, mzaliwa wa Budapest, alichukua Contax siku ya tarehe 6 Juni 1944, aliposhuka pwani ya Normandy pamoja na askari wa Marekani chini ya mvua ya risasi. Mtu mwenye akili hawezi kusema ya kwamba mmoja wao alikosea.

Sasa tugeukie Japani. Mwaka 1917 ilianzishwa huko Tokyo kampuni iliyoitwa Nippon Kogaku, na mwaka 1921 wataalamu wanane wa Kijerumani walikwenda kuifundisha kazi. Wajapani walikuwa wanafunzi wasikivu. Walitengeneza hadubini, darubini, na vyombo vya kupimia masafa kwa ajili ya jeshi. Na kamera ya kwanza ya kampuni inayojulikana leo kama Canon, iliyouzwa mwaka 1936, ilikuwa na lenzi za Nippon Kogaku zilizoitwa Nikkor. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kazi ya jeshi ilikoma. Viwanda vikawa na mafundi hodari wasio na kazi, nchi ikiwa imeshindwa na miji yake imeteketea. Nippon Kogaku ikaamua kutengeneza kamera yake yenyewe, na mwaka 1948 ikatoka ya kwanza, jina lake Nikon.

Tazama, msomaji, jinsi kamera hiyo ilivyotengenezwa, maana hapa pana somo. Kwa nje ilifanana na Contax, na lenzi zake zilifungwa kwa namna ya Contax. Lakini pazia lake lilikuwa la kitambaa kama la Leica. Wajapani walikuwa wameusikiliza ule ubishi wa wapiga picha mpaka mwisho, wakachukua kwa kila mmoja kile kilichosifiwa, na kukiacha kile kilicholaumiwa. Hata lenzi yao ya milimita 85 ilifuata mpango wa Sonnar ya Bertele.

Ujerumani nayo wakati huo ilikuwa taabuni. Dresden ilikuwa imepigwa mabomu mwezi wa Februari 1945. Nchi iligawanywa, na Zeiss ikagawanywa pamoja nayo, sehemu moja ikibaki Jena upande wa mashariki, nyingine ikihamia Oberkochen upande wa magharibi. Warusi walichukua mitambo ya kutengenezea Contax kuwa sehemu ya fidia ya vita, na tangu mwaka 1947 kamera ya umbo lile lile ikatoka kwa jina la Kiev. Hata hivyo sifa ya Ujerumani haikupungua. Mtu akisema kamera ya Kijerumani, alikuwa amesema kamera bora. Na akisema kitu cha Kijapani, wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walifikiri habari za vitu rahisi vya kuvunjika kesho.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwezi wa Juni 1950. Wakati huo alikuwako Tokyo mpiga picha wa gazeti la Life la Marekani, jina lake David Douglas Duncan. Kijana wa Kijapani aliyelifanyia kazi gazeti hilo, Jun Miki, alimpiga picha Duncan kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85, kisha akamwonyesha. Duncan alistaajabu. Mistari ya uso wake ilikuwa imetoka wazi kabisa, na aliposikia ya kwamba lenzi ile ni ya Kijapani, hakucheka wala hakukataa; alitaka kuiona ilikotoka. Akaenda kiwandani pamoja na mwenzake Horace Bristol, wakapokewa na mkuu wa kampuni, Masao Nagaoka. Huko lenzi zao za Kijerumani zikapimwa, na za Kijapani zikapimwa. Waliporidhika kwa macho yao, waliziweka kando za Kijerumani, wakafunga za Nikkor katika kamera zao za Leica.

Tarehe 25 Juni 1950 vita vya Korea vilianza. Duncan akaenda huko na lenzi zake mpya, na picha zake za askari, nyuso zenye uchovu, hofu na majonzi, zikasambaa dunia nzima. Wapiga picha wengine wa Life, kama Carl Mydans, nao wakatumia vyombo vya Nippon Kogaku. Tarehe 10 Desemba 1950 gazeti la New York Times likaandika habari za kamera hiyo ya Kijapani na lenzi zake. Tangu siku hiyo maduka ya Marekani yakaanza kuiulizia. (Life ndilo gazeti ambalo baadaye Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, alilifanyia kazi kabla ya kuuawa katika vita vya Biafra mwaka 1968.)

Walakini, sifa ni kama mche: ukiupanda usipoumwagilia maji, hunyauka. Wajapani walijua ya kwamba kamera moja mbovu yaweza kuharibu jina la zote. Basi mwaka 1954 kikaanzishwa chombo cha kukagua kamera zinazopelekwa nchi za nje, na zile zilizofaulu zikabandikwa karatasi ndogo ya rangi ya dhahabu, yenye umbo la yai, iliyoandikwa ya kwamba zimepita.

Mwaka huo huo wa 1954 Wajerumani walipiga pigo kubwa. Leitz ilitoa Leica M3, kamera ambayo dirisha lake la kutazamia lilikuwa angavu na sahihi kuliko yote yaliyotangulia. Wajapani waliipima, wakaona ya kwamba kuikamata katika njia ile ile kungekuwa kazi ngumu. Badala ya kukata tamaa, walitia nguvu katika njia nyingine. Walikuwa tayari wanatengeneza kamera zenye kioo cha kujitazamia ndani, ambacho humwezesha mpiga picha kuona kupitia lenzi ile ile itakayopiga picha. Njia hiyo haikuwa yao, kwani kampuni ya Ihagee ya Dresden ilikuwa imetoa kamera ya namna hiyo, Kine Exakta, tangu mwaka 1936. Ila kioo chake kilikuwa na kasoro moja: picha ikipigwa, hakikurudi mahali pake mpaka filamu ivutwe, na mpiga picha akabaki gizani. Mwaka 1954 kampuni ya Asahi ilitoa kamera ambayo kioo chake kilirudi papo hapo. Na mwaka 1959 Nippon Kogaku ikatoa Nikon F, kamera imara yenye lenzi nyingi za kubadilisha. Katika miaka ya 1960 waandishi wa magazeti wa nchi nyingi wakaipokea kama mkulima apokeavyo jembe jema.

Na Wajerumani je? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini kosa lao halikuwa la kutia maji. Kazi ya mikono yao ilibaki safi. Kosa lao lilikuwa kudhani ya kwamba sifa ya jana itauza kesho. Contarex, kamera ya kioo ya Zeiss Ikon, ilikuwa nzito, ya matata, na ya bei kubwa mno. Leitz haikuuza kamera ya kioo mpaka katikati ya miaka ya 1960. Ulipofika mwaka 1972, Zeiss Ikon iliacha kutengeneza kamera. Na mwaka huo huo Leitz ilipatana na kampuni ya Kijapani ya Minolta, hata mwaka 1973 ikauzwa Leica iliyotengenezwa Japani. Mwalimu alikuwa amekwenda kwa mwanafunzi wake.

Usifikiri, msomaji, ya kwamba hadithi imekwisha hapo, na kwamba Wajapani ni washindi wa milele. Mwaka 2013 kampuni ya Sony ilitoa kamera yenye eneo la picha la milimita 24 kwa 36, isiyo na kile kioo cha ndani. Nikon na Canon, waliotajirika kwa kioo hicho, walikawia mpaka mwaka 2018 kutoa zao za ukubwa huo. Wakati huo huo simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuwanyang'anya wote wanunuzi wengi. Leica nayo, ambayo wengi waliihesabu kuwa marehemu, ingali inatengenezwa Wetzlar na kupendwa na watu wake.

Tujifunze nini basi? Kwanza, kulinganisha vitu ni kazi yenye adabu yake: weka viwili mwangani pamoja, kwa kipimo kimoja, kisha utazame bila kuuliza vimetoka kwa nani. Duncan alifanya hivyo, na kampuni iliyodharauliwa ikapata haki yake. Pili, taifa lililoshindwa na kuwa maskini laweza kuinuka kwa ufundi, likikubali kufundishwa, na likijipima lenyewe kabla ya kupimwa na wengine. Nchi yetu nayo ina mafundi, na bidhaa zao mara nyingi huachwa dukani kwa sababu hazikutoka ng'ambo. Ukikutana na bidhaa hiyo, ipime kwanza. Ikiwa mbaya, sema kweli. Na ikiwa njema, usione haya kuitumia.